Mama Anayelijua Yai Lake

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Mwenye karatasi ya somo na aishike mkononi, apate kufuata kwa macho yale ayasikiayo kwa masikio. Asiyeweza bado kusoma mistari yote asihuzunike. Afuate kidole cha jirani yake. Mwisho wa somo mtakuta maneno mapya na maswali ya kuzungumza pamoja na mwalimu wenu.

Leo tunasoma historia. Labda mmoja wenu atasema, "Historia ni habari za wafalme na vita." Ni kweli, lakini si hizo peke yake. Kila jambo tunalolijua leo lilikuwa na wakati wake ambapo hapakuwa na mtu aliyelijua. Akatokea mtu akaliuliza, mwingine akalijaribu, wa tatu akaliandika, na kwa njia hiyo elimu ikafika mpaka kwetu. Hiyo nayo ni historia. Somo la leo ni historia ya swali moja dogo: Je, ndege hujuaje kwamba yai lililomo katika kiota chake si lake?

1. MTI WA NATTA

Tuanzie nyumbani. Ukitoka Mugumu kwenda Natta, katika wilaya ya Serengeti, utapita miti iliyojaa viota vinavyoning'inia kama vibuyu vidogo. Hivyo ni viota vya mnana. Mnana mnamjua ninyi nyote. Ndiye yule ndege wa manjano, mwenye kichwa cheusi, apigaye kelele tangu alfajiri. Hukaa jamii nyingi katika mti mmoja, na mara nyingi huchagua mti ulio karibu na nyumba za watu. Mtama unapokomaa watoto hawana raha kwa sababu yake.

Mnana dume ndiye mjenzi. Hufuma kiota kwa majani mabichi, akakitundika kwenye ncha ya tawi, mlango ukiangalia chini. Jike huja kukikagua. Asipokipenda, dume hukibomoa akaanza upya. Akikipenda, jike huingia, akatandika majani laini, akataga mayai mawili au matatu, na kuyaatamia yeye peke yake.

Sasa yuko ndege mwingine, naye ni mdogo vilevile. Mgongo wake ni wa kijani king'aacho kama shaba, na tumbo lake ni jeupe. Vitabu vya Kiswahili humwita kekeo. Makekeo wako wa namna nyingi, lakini huyu mdogo wa kijani ndiye amsumbuaye mnana. Sauti yake husikika sana wakati wa mvua. Kekeo hajengi nyumba. Jike humvizia mnana. Akiona nafasi huingia upesi kiotani, hutoa yai moja, hutaga lake mahali pake, akaenda zake. Haatamii wala halishi. Kazi yote amemwachia mwingine.

Hasara ya mwenye nyumba si ya yai moja tu. Kinda la kekeo huanguliwa mapema. Lingali kipofu, halina hata unyoya mmoja, hujipenyeza chini ya yai la mwenzake, likaliweka mgongoni, likalisukuma mpaka mlangoni na kuliangusha. Hufanya hivyo kwa yai la pili, na la tatu, na hata kwa kinda lililokwisha kuanguliwa, mpaka libaki peke yake. Baada ya hapo mama mnana huruka kutwa kutafuta wadudu, akamlisha yule aliyewaua watoto wake.

Basi mnana ana njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni kumfukuza kekeo kabla hajaingia. Ya pili, ikiwa kekeo amekwisha kuingia, ni kulitambua yai lake na kulitupa nje kabla halijaanguliwa. Akikosa zote mbili, mwaka huo amepata hasara. Ndiyo maana kulijua yai lake, kwake yeye, ni jambo la kufa na kupona.

2. WALIOULIZA ZAMANI

Watu wameijua tabia ya kekeo tangu kale. Mgiriki mmoja, jina lake Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba kekeo hutaga katika viota vya ndege wengine. Lakini kujua kwamba jambo hutendeka si sawa na kujua jinsi linavyotendeka. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walibishana: Nani huyatoa mayai ya mwenye kiota? Wengine walisema ni kekeo mkubwa arudiye kwa siri. Wengine walisema ni mwenye kiota mwenyewe, aliyelewa kwa mapenzi ya mtoto wa kambo.

Mwaka 1788 daktari mmoja wa kijijini huko Uingereza, Edward Jenner, aliandika kwamba alikaa kando ya kiota akatazama, naye aliona kwa macho yake kinda la kekeo likiyasukuma nje mayai na makinda ya wenyewe. Wengi hawakumwamini. Walisema kiumbe kipofu kilichozaliwa jana hakiwezi kufanya kazi kama hiyo. Lakini Jenner hakusema uongo, na baadaye watu wengine waliona vilevile. Daktari huyu ndiye yule aliyeanzisha chanjo ya ndui mwaka 1796. Ndui ulikuwa ugonjwa wa kutisha, ukiua na kupofusha watu duniani kote, mpaka ukatangazwa kwamba umekomeshwa kabisa mwaka 1980. Jicho lililotazama kiota kwa subira ndilo lililotazama pia mikono ya wakamuaji wa ng'ombe, likaona jambo ambalo wengine walilipita.

Hata hivyo Jenner alijibu swali la kinda. Swali la mama lilibaki: Kwa nini ndege wengine hulitupa yai la mgeni, na wengine huliatamia?

3. MTU ALIYEJARIBU

Jibu lilianza kupatikana katika Afrika, mikononi mwa mtu ambaye baadaye alifanya kazi katika nchi yetu. Jina lake lilikuwa Charles Swynnerton. Alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Alikuja Afrika angali kijana, akawa msimamizi wa shamba karibu na msitu wa Chirinda, katika Rodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Hakuwa profesa. Alikuwa mkulima mwenye kupenda kutazama wadudu, vipepeo na ndege, na kuandika alichokiona.

Swynnerton hakutaka kubisha tu, alitaka kujaribu. Alitafuta viota vya ndege wa namna nyingi. Katika kiota hiki akaweka yai la ndege mwingine, na katika kile akaweka yai la namna nyingine tena. Kisha alirudi kutazama. Mahali pengine alikuta yai la mgeni limeondolewa. Mahali pengine alikuta mama ameketi juu yake kwa utulivu, kana kwamba amelitaga mwenyewe. Yote hayo aliyaandika, kiota kwa kiota, na mwaka 1918 habari zake zikachapishwa katika jarida la wataalamu wa ndege liitwalo Ibis.

Angalieni, wanafunzi wenzangu, ubora wa njia hii. Mtu anaposema, "Nadhani mnana anajua mayai yake," hilo ni wazo. Anapoweka yai, akarudi, akahesabu, akaandika, hilo ni jaribio. Tena mtu wa pili anaweza kulirudia ili aone kama matokeo ni yale yale.

Kutokana na majaribio yake Swynnerton aliwaza hivi. Tuseme mayai yote ya akina mnana ni meupe. Kekeo atagaye yai la kijani atatambuliwa, na yai lake litatupwa. Kekeo atagaye yai jeupe hatatambuliwa, naye ataacha watoto. Binti zake watataga mayai meupe kama yeye. Baada ya vizazi vingi, makekeo karibu wote watakuwa wa mayai meupe, na mnana atakuwa amenaswa. Lakini sasa tuseme mnana mmoja ametaga mayai ya rangi yake mwenyewe, tofauti na ya jirani zake. Kwake yai jeupe litaonekana mara moja kuwa ni geni. Yeye ndiye atakayelea watoto, na binti zake watakuwa na mayai ya namna hiyo. Kwa hiyo kila upande unaukimbiza mwingine: kekeo huelekea kufanana, na mwenye kiota huelekea kutofautiana. Hakuna aliyekaa akafanya shauri. Ni kazi ya vizazi: aliyekosea hakuacha watoto, na aliyepata aliwaacha.

Mwaka mmoja baada ya makala ile, yaani mwaka 1919, Waingereza waliokuwa wameichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani walimweka Swynnerton kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama pori ya nchi hii. Watu wa Natta, kama jirani zao wa Ikoma na Isenye, walikuwa wawindaji tangu enzi za mababu. Sheria za uwindaji, na baadaye mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951, zilibadili sana maisha yao. Wazee walilijua jina la idara ile kwa sheria zake. Wachache waliweza kujua kwamba mkuu wake wa kwanza alikuwa mtu aliyezoea kuchungulia viota ili aone kama yai lingalimo.

Mwaka 1929 Swynnerton aliacha kazi hiyo ili aongoze uchunguzi wa mbung'o, makao yake yakiwa Shinyanga, ambako hapo awali watu walikuwa wamefyeka vichaka kwa mashoka na majembe ili kuwafukuza wadudu hao. Kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936. Mwaka 1938 alikufa katika ajali ya ndege, hapa hapa Tanganyika.

4. SAHIHI JUU YA GANDA

Sasa turudi kwenye mti wetu tuone kama wazo lake lilikuwa kweli.

Ukipata kuona mayai ya akina mnana wa mti mmoja, utashangaa. Huyu ana mayai meupe. Jirani yake ana ya kibuluu. Wa tatu ana ya kijani, yenye madoa ya kahawia. Wa nne ana ya kijani vilevile, lakini hayana doa hata moja. Hao wote ni ndege wa namna moja. Lakini ukitazama kiota kimoja kimoja, mayai ya mama mmoja hufanana sana. Na wataalamu waliowafuga mnana wamegundua kwamba mama huyo atataga mayai ya namna ile ile maisha yake yote.

Wataalamu wameiita alama hiyo sahihi ya ndege. Wengine husema saini. Na yai la kekeo linalofanana nalo wameliita sahihi ya kughushi. Maneno haya yanatuhusu sisi hasa tulio katika madarasa haya. Wengi wetu tunakumbuka siku za kutia dole gumba kwenye karatasi tusiyoweza kuisoma. Leo mko mnaojifunza kuandika majina yenu wenyewe. Je, sahihi njema ina sifa gani?

Ina sifa mbili. Ya kwanza, ifanane na yenyewe kila mara. Ukiandika jina lako leo hivi na kesho vile, karani wa benki atakunyima fedha zako mwenyewe. Ya pili, isifanane na ya watu wengine. Kama kila mtu angeweka alama moja ya msalaba, mwizi naye angeweka msalaba, na karani asingeweza kujua. Wafugaji wa Mara wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa. Mwenye ng'ombe hukata sikio au hupiga chapa, na chapa yake haifai kitu ikiwa jirani anayo ile ile, wala haifai ikiwa ng'ombe wake kila mmoja ana chapa yake.

Mayai ya mnana yana sifa hizo zote mbili. Mama mmoja, sahihi moja. Mama wawili, sahihi mbili. Kekeo anaweza kughushi, lakini hajui ni mama gani atakayemkuta nyumbani.

Lakini mama mwenyewe ameijuaje sahihi yake? Mayai yalipotoka hayakuwa na jina. Majaribio juu ya namna kadhaa za ndege yameonyesha kwamba mama hujifunza. Anapotaga kwa mara ya kwanza huyatazama mayai yake, akayakariri, kama ninyi mnavyoukariri mkato wa herufi. Akiisha kujifunza, huyapima mengine kwa kumbukumbu hiyo.

Na kinachojifunzwa chaweza kupotoshwa. Katika miaka ya 1920 Mjerumani mmoja, Bernhard Rensch, aliyatoa mayai ya kwanza ya ndege mdogo wa Ulaya, akaweka ya namna nyingine mahali pake. Ndege yule alipotaga yai lake la mwisho, alilitazama, akalitupa. Alilitupa yai lake mwenyewe! Katikati ya mayai mageni, lake ndilo lililoonekana kuwa geni.

5. VISIWA VISIVYO NA KEKEO

Je, ingekuwaje kama mnana angehamia nchi isiyo na kekeo? Jaribio hili wanadamu walilifanya bila ya kukusudia. Katika siku za biashara ya watumwa, mnana wa Afrika Magharibi walivushwa bahari mpaka kisiwa cha Hispaniola, mahali zilipo nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika. Wamekaa huko zaidi ya miaka 200. Tena mwaka 1886 wengine walichukuliwa kutoka Afrika Kusini mpaka kisiwa cha Mauritius, katika bahari yetu ya Hindi. Kekeo wa kijani hakuwafuata.

Wataalamu wa kwanza waliokwenda Hispaniola kuweka mayai mageni katika viota waliona kwamba mnana wa huko hutupa machache. Wakasema, basi, ndege hawa wamesahau. Asiye na adui hupoteza ujuzi. Lakini mtaalamu Mmarekani David Lahti aliyapima mayai yenyewe, ya visiwani na ya Afrika, na katika makala zake za mwaka 2005 na 2006 alionyesha jambo lingine. Macho ya ndege wale hayakuharibika. Kilichoharibika ni sahihi. Bila kekeo wa kumkomesha mama mwenye mayai yasiyo na alama imara, mayai ya mama mmoja yalikuwa yameanza kutofautiana yenyewe kwa yenyewe, na ya mama mbalimbali yalikuwa yameanza kufanana. Mama alikuwa bado ana akili ya kutambua, lakini hakuwa na alama safi ya kumsaidia. Yai geni lililotofautiana sana na yake bado alilitupa.

Fikirini juu ya jambo hili. Yawezekana kuwa na macho mazuri na bado ukashindwa kupambanua, kwa sababu vitu unavyovitazama vimekosa alama.

6. WATU WA CHOMA

Habari mpya zaidi za somo letu zatoka Zambia, katika wilaya ya Choma, upande wa kusini wa nchi hiyo. Huko mtaalamu wa kike, Claire Spottiswoode, pamoja na wenzake, wamechunguza viota kwa miaka mingi. Ndege wao mkuu ni mdogo sana, wa rangi ya udongo, akaaye katika majani marefu na kusimamisha mkia wake. Hata kwetu yupo. Mayai yake yana rangi za ajabu: mekundu, ya buluu, meupe, ya kijani cha zeituni, na juu yake mna mistari iliyopindapinda, kama ya mtoto aliyepewa kalamu. Adui wake si kekeo, ila ni ndege mwingine mdogo wa manjano, mwenye tabia zile zile za kutaga katika viota vya watu. Kinda lake haliwasukumi wenzake, lakini hula chakula chote, nao hufa kwa njaa.

Mwaka 2010 wachunguzi hao walionyesha kwamba mama huyu hatazami rangi tu. Hutazama pia ukubwa wa madoa, jinsi yalivyotapakaa, na kama yote ni sawa au yamechanganyika. Ni kama karani atazamaye herufi, mkato wake na mahali pa nukta.

Kisha walifungua masanduku ya mayai ya zamani. Bwana mmoja mkazi wa Choma, John Colebrook-Robjent, alikuwa amekusanya mayai mahali pale tangu miaka ya 1970, akisaidiwa na wenyeji wenye macho makali ya kuona viota. Kila yai lilikuwa na tarehe yake. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba kwa muda wa miaka 40 tu mayai ya mwenye nyumba yalikuwa yamebadilika, na ya mdanganyifu yalikuwa yakiyafuata nyuma. Yale mashindano ambayo Swynnerton aliyawaza yalikuwa yameonekana, katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Kama mayai yale yasingeandikwa tarehe, yasingetuambia kitu.

Mdanganyifu naye ana hila. Mwaka 2013 wachunguzi walieleza kwamba ndege yule wa manjano hupenda kutaga mayai zaidi ya moja katika kiota kimoja. Mama arudipo hukuta mageni mengi, na shaka humwingia: je, yangu ni yapi? Ni hila ile ile aliyoifanya Rensch kwa mkono wake. Lakini mdanganyifu ana udhaifu pia. Mwaka 2022 iligunduliwa kwamba binti yake hurithi rangi ya yai kutoka kwa mama peke yake. Baba hachangii kitu. Kwa hiyo ni vigumu kwake kuchanganya rangi na kupata mpya, na mpaka uchunguzi huo ulipofanyika hakuwa ameweza kughushi lile yai la kijani cha zeituni. Katika karatasi iliyotangaza habari hiyo, baadhi ya wenyeji wa Choma waliotafuta viota waliandikwa majina yao pamoja na ya mabingwa wa vyuo vikuu.

Mwisho, mwaka 2023, palitoka habari za mramba. Mramba mnamjua: ndege mweusi, mkia wake umegawanyika kama uma, naye haogopi kumfukuza hata mwewe. Huyu hutagiwa na kekeo mkubwa wa kijivu. Kekeo huyu hughushi vizuri mno, hata mtu akiyaweka mayai mezani hupata taabu kuyatenganisha. Pamoja na hayo, wachunguzi walipopima walikadiria kwamba mramba hukataa zaidi ya mayai 90 katika kila 100 ya kekeo. Sababu ni ile ile. Kekeo amejifunza kughushi mayai ya mramba kwa jumla, lakini mramba huyu mmoja anayajua yaliyo yake.

7. TUNAJIFUNZA NINI?

Wengine watasema, "Kumbe ndege anatufundisha kumkataa mgeni." Hapana. Msichukue somo la mayai mkalipeleka kwa watu. Mgeni wa binadamu huja mlangoni, hutaja jina lake, hula kilichopo, na mara nyingi huacha faida. Koo nyingi za Mara zimekua kwa kuwapokea watu waliotoka mbali wakawa wenyeji. Kekeo si mgeni, ni mwongo. Mama ndege hakatai ugeni wa yai, hukataa uongo wake.

Tena mama huyu ana hatari mbili, wala si moja. Akikubali kila kitu, hulea adui. Akikataa kwa pupa, hutupa mtoto wake. Hakuna njia ya kuziepuka zote mbili ila kulijua lililo lake kwa hakika. Na kujua huko hakukutokana na chuki. Kulitokana na kutazama vizuri mayai yake mwenyewe, kabla adui hajafika.

Ndiyo sababu tumelisoma somo hili katika darasa la kusoma na kuandika. Atakapokuja mtu na karatasi ya kuuza shamba, au hati ya mkopo, au risiti ya pamba, ataiweka mbele yako na kukuambia, "Tia sahihi hapa." Siku hiyo si siku ya kuanza kujifunza. Yafaa uwe umekwisha kujifunza, uisome mpaka mwisho, na useme, "Hili ni langu," au, "Hili si langu."

MANENO YA SOMO

Kuatamia: kulalia mayai ili yapate joto na kuanguliwa.
Kinda: mtoto wa ndege.
Kughushi: kutengeneza kitu cha uongo kifanane na cha kweli.
Sahihi: jina au alama mtu aiwekayo kwa mkono wake kuthibitisha kwamba jambo ni lake.
Jaribio: kazi ifanywayo kwa makusudi ili kuona kama wazo ni la kweli.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kekeo hupata faida gani kwa kutaga katika kiota cha mnana, na mnana hupata hasara gani?
2. Eleza tofauti iliyopo kati ya wazo na jaribio. Swynnerton alifanya nini?
3. Sahihi njema ina sifa mbili. Zitaje. Mayai ya mnana wa Mauritius na Hispaniola yalipoteza ipi, au yote mawili?
4. Kwa nini tarehe zilizoandikwa juu ya mayai ya Choma zilikuwa na maana kubwa?
5. Kazi ya wiki: Tafuteni mti wa mnana karibu na darasa. Msiyatoe mayai wala msiguse viota. Tazameni chini ya mti kama pana maganda yaliyoanguka. Kila mmoja aandike katika daftari lake rangi aliyoiona, kama yana madoa au hayana, na tarehe. Chini ya maandishi hayo atie sahihi yake.

Ndugu zangu, muda wetu umekwisha. Msomeeni somo hili na yule ambaye leo hakuweza kufika. Kwaherini, mpaka wiki ijayo saa kama hii.